Kabla Hatujamcheka Mgeni kwa Kiswahili Chake



Wasomaji wetu watukufu, huenda baadhi yenu mkastaajabu kuona ukurasa huu, uliozoea kuzungumzia mahari, malezi na haki za jirani, wiki hii ukizungumzia filamu ya polisi. Tunaomba mtuvumilie hadi mwisho. Filamu yenyewe imo majumbani mwetu, tutake tusitake. Iliingia kwa kanda za video, ikaja kwa sidii, na leo vijana wetu huitazama kwenye simu zao baada ya isha, wakiwa wamejilaza barazani. Jambo linalopita mbele ya macho ya watoto wetu kila likizo halina budi kupimwa, lenye kheri likashikwa na lenye shari likaachwa.

Filamu tunayoikusudia ni Rush Hour, iliyotolewa Marekani mwezi wa Septemba 1998 chini ya uongozi wa Brett Ratner. Ndani yake wamo polisi wawili wasiolingana kwa lolote. Mmoja ni Inspekta Lee wa Hong Kong, anayeigizwa na Jackie Chan: mtu mtulivu, mchache wa maneno, mwenye heshima kwa wakubwa wake. Wa pili ni James Carter, mpelelezi wa polisi ya Los Angeles, anayeigizwa na Chris Tucker: mtu wa domo, mwenye majivuno, asiyeelewana na mkubwa wala mdogo kituoni kwake.

Kisa chaanza Hong Kong, usiku wa mwisho wa utawala wa Mwingereza, kabla ya mji ule kurudishwa kwa China mwaka 1997. Lee ana rafiki mkubwa, naye ni konseli aitwaye Han, ambaye baadaye ahamia Los Angeles pamoja na binti yake wa miaka 11, Soo Yung. Siku ya kwanza ya kwenda shule, binti yule atekwa nyara njiani. Baba mtu amwita Lee aje kumsaidia, kwa kuwa Lee ndiye aliyekuwa akimfunza mtoto yule, na ndiye anayeaminiwa. Lakini wakubwa wa shirika la upelelezi la Marekani, FBI, hawamtaki mgeni kazini mwao. Waomba polisi ya mji iwape mtu mmoja wa kumzungusha mgeni huyu mjini, asipate kuwakaribia. Hapo ndipo Carter anapotolewa, naye kwanza adhani amepewa cheo. Kumbe wote wawili wametupwa kando: mmoja kwa ugeni wake, na mwenziwe kwa kero zake.

Tuliangalie pambano lao la kwanza, pale uwanja wa ndege. Carter amwona Mchina akishuka, na papo hapo akata shauri kwamba huyu hajui Kiingereza. Ampazia sauti, amtamkia neno moja moja kama mtu asemaye na kiziwi, kisha amuuliza kama ayaelewa yanayomtoka kinywani. Lee atabasamu tu, asijibu. Carter aendelea kubwabwaja garini, akimzungusha mtaa hadi mtaa, mpaka amfikisha mbele ya jumba moja la sinema la Hollywood lililojengwa kwa sura ya Kichina, ati ajione yuko kwao. Baadaye Lee asema Kiingereza, na Carter aghadhibika kana kwamba amedanganywa. Jawabu la Lee ni jepesi: yeye hakusema kuwa hajui, mwenzake ndiye aliyedhani. Asiyependa kusema huwaacha wapendao kusema waseme, na kwa njia hiyo akawajua walivyo.

Ndugu na dada zetu, maneno haya yametufikirisha. Mara ngapi mgeni huketi kimya sebuleni mwetu, nasi tukahukumu kuwa kimya kile ni ujinga? Huenda yeye anatusikia, anatuelewa, na ameshatupima uzani.

Ajabu ya pili yatokea ndani ya baa. Carter awasalimu wenzake weusi kwa neno ambalo watu weusi wa Marekani baadhi yao huitana wao kwa wao, ila likitoka kwa mtu mwingine ni tusi zito lenye kumbukumbu ya utumwa. Lee, aliyekuwa akisikiliza ili ajifunze adabu za mahali, adhani hiyo ndiyo salamu ya watu wale. Alirudia neno kwa neno, kwa uso wa furaha na nia safi. Ghafla meza zapinduka na ngumi zaruka. Watazamaji hucheka sana hapo. Sisi twaona kwamba mgeni hakukosa. Aliyekosa ni mwenyeji aliyemwachia neno bila kumweleza uzito wake. Lugha ina maneno, na kila neno lina mwenyewe, lina mahali pake na lina saa yake. Hayo hayaandikwi kwenye kamusi. Mgeni hawezi kuyajua mpaka apate mtu wa kumwambia.

Kuanzia hapo filamu yaanza kugeuka. Wanapokaa pamoja kuchunga mkahawa mmoja wa mtaa wa Wachina, Lee ampa Carter mkunga ale, na yule mwenye kudharau kila kitu aona kuwa ni mtamu. Carter amfundisha Lee wimbo na namna ya kuucheza. Lee amfundisha Carter ufundi wa kumnyang'anya adui bunduki kwa mkono mtupu. Ndipo pia wanapozungumza juu ya baba zao, kwani wote wawili ni watoto wa polisi. Baba yake Carter aliuawa kazini kwa sababu mwenzake hakumfuata kumsaidia, na ndiyo maana mtoto naye alikataa kufanya kazi na mwenzi yeyote. Lee, ambaye saa chache zilizopita alimwona mtu huyu kuwa ni kelele tupu, sasa ajua kelele ile yaficha nini.

Na mwovu wa kisa hiki ni nani? Ni Bwana Griffin, Mwingereza aliyekuwa mkubwa wa polisi Hong Kong, rafiki wa familia ya konseli. Asema kwa upole, avaa nadhifu, amshika Han mkono katika msiba wake na kumshauri alipe fidia inayotakiwa. Huyo ndiye mwenye kumteka binti yule, na lake ni kuilipa nafsi yake kwa mali za kale za Kichina zilizomponyoka. Kwa hiyo msemaji mzuri kuliko wote ndiye mwizi, na mwenye kubananga lugha ndiye aliyevuka bahari kuja kumwokoa mtoto wa mwenzake. Twapenda vijana walizingatie hilo: ufasaha ni pambo la ulimi, na uaminifu makao yake ni moyoni.

Lakini lililotushughulisha zaidi kuliko yote haya liko baada ya kisa kwisha, wakati majina ya waigizaji yanapopita na wengi wamekwisha kuinuka. Ni desturi ya Jackie Chan kuonyesha hapo vipande vilivyoharibika wakati wa kupiga picha: mtu ameanguka vibaya, mwingine amesahau maneno yake. Katika Rush Hour twamwona Chan akihangaika na maneno ya Kiingereza, akikosea na kurudia, na watu wakicheka. Kisha yaja zamu ya Chris Tucker. Katika tukio la mwisho, ndani ya ndege iendayo Hong Kong, yampasa aseme maneno machache tu ya Kichina. Hayatoki. Ajaribu, akosea, ajaribu tena, akosea. Chan aishiwa na nguvu kwa kicheko, kisha asema maneno ambayo maana yake ni hii: tazameni, mimi filamu nzima nasema Kiingereza, na huyu maneno machache tu ya Kichina yamemshinda.

Alisema kwa mzaha, na mwenzake alicheka pamoja naye. Hata hivyo ni haki iliyosemwa kwa mizani sawa. Kazi nzima ya mawasiliano ilikuwa juu ya mabega ya mgeni, na hakuna aliyeihesabu kuwa ni kazi mpaka mwenyeji alipoombwa abebe ratili moja.

Inafaa tujue alikotoka mtu huyu. Jackie Chan alizaliwa Hong Kong mwaka 1954, na jina alilopewa na wazazi wake ni Chan Kong-sang. Angali mtoto mdogo, wazazi wake walikwenda Australia kutafuta riziki katika ubalozi wa Marekani mjini Canberra, wakamwacha katika chuo cha mchezo wa jukwaani wa Kichina. Alikaa huko kama miaka kumi, akifunzwa kuimba, kupinduka na kupigana, kwa mwalimu mkali wa fimbo. Alipokua alikwenda Australia kwa wazazi wake, akafanya kazi ya ujenzi, na huko ndiko alikopata jina la Jackie, kutoka kwa wajenzi wenzake. Alipojaribu bahati yake Marekani mwanzoni, kwa filamu ya mwaka 1980 na nyingine ya 1985, hakufanikiwa, akarudi kwao. Rush Hour ilipotoka alikuwa na umri wa miaka 44, na bado kila sentensi ya Kiingereza ilikuwa kwake mlima wa kupanda mbele ya kamera. Watu walinunua tiketi kwa mamilioni kuja kumtazama akipanda.

Sasa tuje nyumbani kwetu Pwani, maana hapa ndipo tulipokuwa tukielekea.

Sisi tuna lugha ambayo watu huja kujifunza. Twajua kwamba Kiswahili chetu ni cha asili, na twajivunia, wala hatukatazani kujivunia neema. Lakini fahari hiyo imezaa tabia moja mbaya ambayo imekuwa kama chumvi katika kila nyumba, nayo ni kumcheka mgeni kwa matamshi yake. Hodari wetu wa kucheka wamo vijana na wamo watu wazima, na aghalabu anayechekwa ni yule ambaye hana pa kwenda kushitaki: mkaza mwana aliyeolewa kutoka bara.

Mathalan, binti wa Kikamba, au wa Kiluo, au wa Kitaita, ameolewa na kijana wetu, ameingia nyumba ya mavyaa. Siku ya pili aambiwa, "Mwanangu, andika chakula." Yeye kwao amezoea kuandika kwa kalamu. Asimama katikati ya ukumbi asijue ashike nini. Wifi zake wacheka mpaka machozi yawatoke, kisha kisa chasimuliwa arusini, chasimuliwa kwenye matanga, chafika Lamu na kurudi. Au asema "mtoto yangu", na kila mara akifungua kinywa, kuna kijana nyuma ya pazia anamwigiza. Au amesikia wifi yake akimtania binamu yake kwa neno la utani, naye, kama Lee katika baa, alichukua kwa nia safi na kumwambia bavyaa. Nyumba nzima yageuka, na yeye hajui kosa lake ni lipi.

Wenye kucheka watasema, "Ni mchezo tu, shekhe, hatukumchukia." Tunawaamini. Lakini tazameni matokeo yake. Binti yule ajifunza kunyamaza. Kwanza hunyamaza kwenye mazungumzo, halafu hunyamaza penye haja. Ana swali la tohara au la funga, aona haya kuuliza, kwa kuwa swali lenyewe litatoka kwa sarufi iliyovunjika na kuchekwa kabla ya kujibiwa. Mtoto wake ana homa, na maelezo ya dawa hakuyafahamu vizuri, lakini aogopa kumuuliza mavyaa. Watoto wake nao wakua wakisikia mama yao akiigizwa. Wajifunza kumwonea haya, na bibi yao wa bara akipiga simu, hawana neno la kumwambia. Mume arudi kazini akuta mke mkimya, adhani ana kiburi. Na ndoa ikivunjika, watu husema, "Tuliwaambia, watu wa bara hawaelewani na sisi." Hakuna anayesema kwamba kwa miaka mitatu mwanamke huyu alikuwa akipanda mlima kila siku, na sisi tulikuwa tumekaa chini tukihesabu mara alizoteleza.

Tunawakumbusha kisa mnachokijua tangu chuoni. Nabii Musa, amani iwe juu yake, alikuwa na uzito katika ulimi, akamwomba Mola wake ampe nduguye Harun awe msaidizi wake, kwa kuwa Harun alikuwa fasaha zaidi. Aliyemdharau Musa kwa usemi wake alikuwa Firauni. Basi katika kisa hicho ziko nafasi mbili kwa aliye fasaha: nafasi ya Harun, ambaye ufasaha wake ulikuwa msaada kwa mwenzake, na nafasi ya Firauni. Kila mmoja wetu aangalie amekaa wapi.

Tusije tukadhani kwamba sisi hatutakuwa wageni kamwe. Mabinti wetu wangapi wameabiri kwenda kufanya kazi majumbani katika nchi za Ghuba? Wengine wao wamesoma madrasa, wanajua nahau, wanasoma vizuri kwa tajwidi, na familia zao zilitumaini kwamba Kiarabu hakitawasumbua. Wamefika jikoni mwa watu, wakakuta lahaja ambayo hakuna kitabu kilichowafundisha, inayosemwa haraka na kwa hasira. Anayejua kusoma sura nzima kwa moyo aambiwa hajui kitu, kwa sababu hakufahamu jina la sufuria. Mama zao wanapopigiwa simu usiku hulia. Machozi hayo na ya yule mkaza mwana wa bara chanzo chake ni kimoja.

Kwa hayo tunashauri mambo matatu, nayo si magumu kwa mwenye nia.

La kwanza, mgeni akikosea neno, asahihishwe peke yake, kwa sauti ya chini, na kicheko kingoje. Mavyaa ndiye anayepasa kuishika desturi hii, kwani nyumba hufuata uso wa mama. Siku atakapomnyamazisha mwanawe mmoja mbele ya wote, mchezo utakwisha.

La pili, mkaza mwana ateuliwe mtu mmoja wa kumuuliza bila haya, wifi au shangazi, wa kumweleza yale yasiyo katika kamusi: neno hili ni la utani, hili ni la jikoni, hili halisemwi mbele ya bavyaa. Inspekta Lee angalikuwa na mtu wa namna hiyo, baa ile isingalivunjwa.

La tatu, na hili ndilo lenye kuwashinda wengi, kila nyumba yenye mgeni ijifunze maneno machache ya lugha yake. Hatusemi mfungue chuo. Jifunzeni salamu, shukrani, na pole. Mkweo wa Kiluo akipiga simu asubuhi, mwambieni "oyawore", hata kama itatoka vibaya, na mwacheni binti yake awacheke kidogo. Hapo atajua kwamba mzigo umegawanywa. Na watakaojaribu watagundua, kama alivyogundua Chris Tucker ndani ya ile ndege, kwamba ulimi ulio hodari nyumbani kwake huwa kipande cha mti katika lugha ya wenyewe.

Kabla hatujamaliza, wazazi wasije wakasema kwamba tumeipa filamu hii ruhusa ya kuingia popote. Ina risasi nyingi, ina maneno machafu, ina mambo ya baa, na Wamarekani wenyewe waliipa alama ya kuwatahadharisha wazazi wenye watoto walio chini ya miaka 13. Zaidi ya hayo, mengi anayoyasema Carter juu ya Wachina ni kejeli, na mtoto asiyeelezwa atatoka nayo njiani. Tangu reli mpya ya kutoka Mombasa hadi Nairobi ilipojengwa na kampuni ya China, na kufunguliwa mwaka 2017, Wachina wamekuwa wakionekana madukani na sokoni mwetu, na tumewasikia watoto wakiwafuata nyuma kwa sauti za kuigiza lugha yao. Hilo ni aibu kwa mji wenye sifa ya ukarimu. Kwa hiyo mwenye vijana waliokwisha kuitazama, na wengi wameshaitazama, akae nao mara moja. Awaulize nani katika filamu ile alibeba kazi kubwa zaidi, na nani alikuwa akicheka. Kisha awaulize nyumbani mwao wenyewe ni nani anayeibeba kazi hiyo leo. Wakijibu kweli, hatakuwa na haja ya kuwasomea hotuba ndefu.

Wabillahi tawfiq.